Redio Yenye Mdomo: Siku Mbili Ufukweni na Vijana

Redio uliyo nayo nyumbani ina masikio lakini haina mdomo. Inasikia Dar es Salaam, inasikia London, lakini ukiijibu, sauti yako inaishia ukutani. Wengi wetu tumezoea hivyo. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi nchini kote, wakasikiliza redio pamoja, kisha wakajadiliana juu ya malaria, vyoo na maji ya kunywa. Ilikuwa kazi kubwa, na vyoo vilichimbwa kweli. Lakini hata wakati ule redio ndiyo iliyosema, sisi tukasikiliza.

Leo tuzungumze habari ya redio ya namna nyingine, redio yenye masikio na mdomo pia. Inaitwa redio ya ridhaa. Neno ridhaa tunalijua katika mpira na katika ngumi. Bondia wa ridhaa hupigana kwa kupenda, siyo kwa mshahara. Mtu wa redio ya ridhaa naye ni hivyo hivyo. Anasoma, katika nchi nyingi anafanya mtihani, anapewa leseni, kisha anafunga mtambo wake mdogo na kuzungumza na wenzake wa nchi yake na wa nchi za mbali. Haruhusiwi kuuza kitu hewani, wala kupiga muziki, wala kutangaza kama kituo cha matangazo. Yaani hapa hakuna "mpendwa msikilizaji". Kila mmoja anasema na kila mmoja anasikiliza.

Tusichanganye mambo. Redio za polisi ni jambo jingine. Zile simu za upepo zilizokuwa zikitumika katika misheni na hospitali za mbali ni jambo jingine. Na redio za vyombo vya baharini zina mikondo yake. Huko mkondo wa 16, ambao ni megahezi 156.8, ndio wa kuitia msaada. Redio ya ridhaa imepewa sehemu yake hewani kwa makubaliano ya mataifa yote, kama vile kijiji kinavyotenga uwanja wa mpira pembeni ya mashamba.

Kila mwenye leseni ana jina lake la hewani. Hakuna wawili duniani wenye jina moja. Jina hilo huanza kwa herufi na tarakimu za nchi. La Tanzania huanza kwa 5H au 5I, la Kenya kwa 5Y au 5Z, la Uganda kwa 5X, la Oman kwa A4, la Komoro kwa D6. Ukisikia jina tu, umekwisha jua mtu yuko nchi gani. Kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa mwaka 2003. Bila leseni hakuna kurusha, hata kwa dakika moja, hata kwa mzaha. Hilo tulielewe tangu mwanzo ili tusije tukawatia vijana wetu matatani.

KWA NINI WATOKE NJE?

Msomaji atauliza: mtambo uko nyumbani, umeme upo, kiti kipo. Kwa nini watu wazima wabebe betri na waya wakakae mchangani siku mbili na mbu?

Mtindo huu ulianza zamani. Marekani walianza mwaka 1933. Kila mwaka mwezi Juni, mwisho wa wiki, vilabu vya redio vinatoka kwenda uwanjani na mahema, vinafunga mitambo isiyotegemea umeme wa mji, na kukaa hewani mchana kutwa na usiku kucha. Skauti nao wana siku yao. Katika jambori la dunia la mwaka 1957 huko Uingereza, mpenzi mmoja wa redio aitwaye Les Mitchell alipata wazo: kwa nini skauti wasiendelee kukutana hewani? Mwaka uliofuata, 1958, ikafanyika jambori ya hewani ya kwanza. Mpaka leo hufanyika kila mwaka mwezi Oktoba, mwisho wa wiki ya tatu. Kijana anakaa karibu na mwenye leseni, anasalimiana na kijana wa nchi nyingine, na wengi wao ndiyo mara yao ya kwanza kushika kipaza sauti.

Mchezo huo ni mzuri, lakini si mchezo tu. Siku ya shida si siku ya kujifunza. Anayejifunza kufunga antena siku ya kimbunga amechelewa. Hebu tuangalie mfano mmoja wa kweli.

Visiwa vya Andaman ni vya India. Viko ng'ambo ya bahari hii hii yetu ya Hindi, kama kilomita 6,000 kutoka Tanga. Desemba 2004 kikundi cha redio ya ridhaa, kikiongozwa na Bibi Bharathi Prasad, kilikuwa Port Blair, mji mkuu wa visiwa hivyo. Hawakwenda kuokoa mtu. Walikwenda kwa ajili ya mapenzi yao ya redio, kwa kuwa visiwa hivyo vilikuwa havisikiki hewani kwa miaka mingi, na watu wa dunia nzima walikuwa wanavitafuta. Asubuhi ya tarehe 26 ardhi ikatikisika. Kisha bahari ikaja. Simu zikakatika. Lakini mtambo wa Bibi Bharathi ulikuwa umekwisha fungwa, antena zilikuwa juu, na wenzake walikuwa wamezoea kukaa hewani usiku na mchana. Mchezo ukakoma palepale. Wakaanza kupokea na kupeleka habari: nani yu hai, nani anatafutwa, wapi panahitajika dawa. Watu waliokuja kwa burudani wakawa ndio njia ya habari ya visiwa vizima.

Bahari ile ile ilikuja mpaka kwetu. Kwa saa zetu, tetemeko lilitokea karibu saa kumi alfajiri, na maji yakafika Afrika ya Mashariki mchana. Hesabu mwenyewe saa zilizopita hapo katikati. Huko Kenya habari iliwahi, watu wakaondolewa katika fukwe, na hasara ikawa ndogo. Tanzania tulipoteza watu zaidi ya kumi, baadhi yao wakiwa wanaogelea tu, siku ya Jumapili, bila habari yoyote. Hatusemi kwamba redio ya ridhaa ingewaokoa. Tunasema habari ilikuwa na muda wa kutosha wa kusafiri, ila haikumfikia aliyeihitaji. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa tahadhari ya mambo haya, na tahadhari hiyo inafika haraka kwa simu. Lakini simu ina mnara, mnara una umeme, na umeme una nguzo. Mei 2024, mwezi ule ule kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya Tanzania, nyaya za intaneti zilizolala chini ya bahari nazo zilikatika, na nchi ikabaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Basi mambo yenyewe ndiyo hayo.

TUSEME TUNAKWENDA KIGOMBE

Sasa tuingie kazini. Tuseme klabu ya redio imekubali kuwapokea vijana kumi, na wanakwenda kupiga kambi Kigombe, kati ya Tanga na Pangani. Mahali panafaa. Bahari iko mbele, minazi iko nyuma, na mashamba ya mkonge hayako mbali. Maji ya chumvi ni rafiki wa redio. Mawimbi ya redio yakipita juu ya bahari hupotea kidogo kuliko yakipita juu ya mchanga mkavu au mawe. Ndiyo maana watu wa redio wanapenda ufukwe, ingawa wenyewe wakati mwingine husingizia kwamba wamefuata upepo mzuri tu.

Kabla ya jambo lolote: leseni ya mwenye mtambo, barua kwa serikali ya kijiji, na kuuliza wazee mahali pa kuweka meza. Meza ikae juu ya alama ya maji ya bamvua. Wageni wengi wa pwani huona bahari imekupwa saa nne asubuhi, wakatandaza vitu vyao, na saa kumi jioni wakawa wanavikimbiza majini. Hema lisiwe chini ya mnazi wenye nazi. Tunacheka, lakini nazi haijui kwamba wewe ni mgeni.

Kisha antena. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo kijana anapoona kwamba redio si uchawi.

Antena ya kuanzia ni waya wa shaba tu, umekatwa katikati, nusu moja kulia na nusu moja kushoto, na hapo katikati unaungwa waya unaokwenda kwenye mtambo. Urefu wake hautoki kichwani mwa fundi, unatoka katika hesabu. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Antena yetu inataka kuwa karibu nusu ya urefu wa wimbi moja. Kwa hesabu ya haraka, chukua 143 ugawe kwa megahezi unazotaka kutumia. Jibu ni urefu wa waya wote kwa mita. Skauti wa dunia hukutana mara nyingi kwenye megahezi 14.290. Gawa 143 kwa 14.290, unapata mita 10. Basi kata mita 5 na mita 5. Ukitaka megahezi 7.1, unapata kama mita 20, yaani mita 10 kila upande. Namba ikipungua, waya unarefuka. Mpe kijana wa darasa la saba hesabu hii na futi kamba, usimwambie jibu. Akikosea sentimita chache si neno. Ndiyo maana tunaacha waya wa ziada mwishoni, tunaupunguza polepole tukitazama kipimo cha mtambo.

Ncha za waya zisiguse mti. Zifungwe kwenye kipande cha bomba la plastiki au kipande cha chupa, ndipo ifuate kamba. Katani tunayo, na ikiwa kavu inafaa sana. Ikilowa mvua au umande wa chumvi inavuta maji, kwa hiyo kwa mwisho wa karibu na waya tunapenda zaidi kamba ya manila. Nguzo? Ule mti mrefu unaochomoza katikati ya mkonge uliokwisha kuzaa, ukikauka ni mwepesi, kijana mmoja anaubeba begani. Ufunge kwenye mnazi na umepata mita kadhaa za bure.

Mambo matatu hatuyafanyii mzaha. La kwanza, waya usirushwe kamwe mahali ambapo unaweza kugusa au kuangukia nyaya za umeme. Kama nyaya za TANESCO zinaonekana karibu, hamisheni kambi. La pili, mtambo unaporusha, hakuna mtu kugusa antena, inachoma. La tatu ni radi. Oktoba ni mlango wa vuli. Wingu jeusi likitokea juu ya Usambara na mkasikia ngurumo hata moja ya mbali, zimeni mtambo, chomoeni waya, ondokeni mezani. Hakuna mazungumzo yanayozidi uhai wa mtoto wa mtu.

SAUTI INADUNDA

Vijana wataulizana, je, waya huu wa mita 10 unafikaje Oman, zaidi ya kilomita 3,000, wakati dunia ni mviringo? Jibu liko juu ya vichwa vyetu. Jua linapopiga hewa nyembamba ya juu kabisa, kilomita mia na zaidi kutoka ardhini, hewa ile inapata umeme na kuwa kama dari. Mawimbi ya redio ya masafa mafupi yanagonga dari hiyo na kurudi chini, kama mtoto anavyodundisha mpira kwenye dari ya darasa. Yakirudi huanguka mbali, pengine yakadunda tena baharini na kupanda tena.

Dari hii hubadilika kwa saa. Wazee wetu walijua bila kuambiwa: redio ya masafa ya kati usiku inaleta vituo ambavyo mchana havisikiki. Kwa redio ya ridhaa, megahezi 14 na kuendelea ni za mchana, kwa safari ndefu. Megahezi 7 mchana hufika mamia ya kilomita tu, na usiku huenda mbali zaidi. Na jua lenyewe lina mzunguko wa miaka kama 11 wa kuchangamka na kupoa. Likichangamka, njia za mbali hufunguka vizuri.

Hapa tuna neno la kusema kwa wenye vilabu. Wengi wanapenda mbali. Wakipata Japani wanapiga makofi, wakipata Marekani wanapiga picha. Hakuna ubaya, kijana lazima afurahi. Lakini siku ya mafuriko Pangani hatutaki kuzungumza na Japani. Tunataka Tanga mjini, Lushoto, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam. Na hizo za karibu ndizo zenye ugumu wake, kwa sababu mawimbi ya megahezi 14 yanaruka juu yao na kwenda zake. Dawa yake ni rahisi. Chukua ile antena ya mita 20 ya megahezi 7, uiweke chini, mita 3 au 4 tu kutoka ardhini. Itapeleka mawimbi karibu wima, yadunde na kuanguka pande zote ndani ya kilomita mia chache. Sisi tungependa kila kambi itenge angalau saa mbili za mchana kwa kazi hiyo: vijana waiteni miji ya jirani, wapeleke ujumbe wa maneno kumi, waombe urudiwe neno kwa neno, walinganishe na waliouandika. Ujumbe ukirudi umegeuka, wajue umegeuka wapi. Zoezi hili halina makofi mengi, lakini kwa maoni yetu ndilo zoezi la kambi nzima.

BETRI NI GHALA

Umeme wa kambi ni betri na sola. Tupige hesabu ya betri ya gari ya Ah 60. Tusiikamue yote, tutumie nusu, yaani 30. Mtambo ukisikiliza tu hula kama ampia 1. Ukirusha kwa wati 100 hula kama ampia 20. Ikiwa katika kila saa tunasema dakika 10 na kusikiliza dakika 50, tunakula kama 4 kwa saa. Ghala yetu ya 30 itakwisha baada ya saa saba na kidogo. Sasa tupunguze nguvu mpaka wati 25. Kurusha kunakula kama ampia 8, na saa nzima inakula kama 2. Betri ile ile inakwenda saa 14 au 15. Je, tumepoteza nini? Tumepunguza nguvu mara nne, lakini kwa kipimo cha nguvu ya sauti chenye hatua 9, mwenzetu anaona tumeshuka hatua moja tu. Vijana wengi hawaamini mpaka wajaribu. Waache wajaribu, wamuulize mtu wa upande wa pili: "Na sasa unanisikiaje?"

KUSEMA NA KUSIKILIZA

Kijana anayepiga kelele uwanjani kutwa, mpe kipaza sauti, utashangaa. Midomo inakauka. Anasahau jina lake. Ni kawaida, asichekwe. Mwanzo asikilize tu, nusu saa nzima, aandike majina anayoyasikia. Sikio ndilo linalofundisha mdomo. Kisha afundishwe alfabeti ya hewani, kwa maana herufi B na D zikipita katika makelele hazina tofauti. Kila herufi ina neno lake, moja kwa dunia nzima: A ni Alfa, B ni Bravo, na kuendelea. Mtu wa Tanga akitaka kutaja mji wake atasema: Tango, Alfa, November, Golf, Alfa. Mjapani ataandika Tanga bila kosa, hata kama hajawahi kuisikia.

Anayetaka kuzungumza na yeyote huita "CQ", kisha jina la hewani la kituo. Akijibiwa, anampa mwenzake maksi mbili: ya kwanza, kati ya 1 na 5, kama maneno yanaeleweka, ya pili, kati ya 1 na 9, kama sauti ina nguvu. "Tano tisa" ni maksi ya juu. Mwishoni wanaagana kwa "73", namba ya zamani ya wapiga simu za waya yenye maana ya salamu njema. Na akimpata mtu wa Mombasa au wa Zanzibar, bwana, aseme Kiswahili! Kama sauti ni ya mtu mzima, aanze na shikamoo kama kawaida. Hewani si mahali pa kusahau adabu.

Wakubwa nao wana somo lao. Mzoefu anaona kijana anababaika, mkono unamwasha, ananyang'anya kipaza sauti "nikuonyeshe kidogo". Kidogo hicho kinakwisha saa ya chakula. Sheria inamtaka mwenye leseni awe hapo na awe na dhamana ya kila neno linalorushwa, na kijana azungumze pale masharti ya leseni yanaporuhusu. Lakini dhamana si kushika kila kitu. Akae pembeni, mikono mapajani, masikio wazi, karibu na swichi.

DAFTARI LA HEWANI

Mhitimu wa kisomo, sehemu hii ni yako hata kama redio huitaki. Kila mazungumzo huandikwa: tarehe, saa, megahezi, jina la hewani la mwenzako, maksi ulizotoa na ulizopewa. Anayeandika vizuri ni wa thamani sawa na anayesema vizuri, na mzazi aliyefuatana na mtoto wake kambini anaweza kuishika kazi hii.

Ugumu wake ni saa. Dunia nzima ya redio huandika saa moja, saa ya UTC, ili mtu wa Tanga na wa Japani wasigombane. Saa hiyo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Sisi wa Kiswahili tuna njia ya mkato. Kutoka saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, chukua saa yetu uongeze 3. Saa nne asubuhi: 4 na 3 ni 7, andika 07:00. Saa tisa alasiri: 9 na 3 ni 12, andika 12:00. Kutoka saa moja usiku mpaka saa nane usiku, ongeza 15. Saa mbili usiku: 2 na 15 ni 17, andika 17:00. Ikifika saa tisa usiku, kule ni 00:00, na hapo ndipo daftari linapoanza tarehe mpya, wakati kambi nzima imelala na mlinzi wa zamu anapambana na usingizi.

LAKINI SIMU ZIPO

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kale, kila mtu ana simu mfukoni. Ni kweli, na simu ni bora kwa mambo mengi. Hatumwambii mtu aitupe. Tunasema simu inakufundisha kubonyeza, na mtambo huu unakufundisha kinachotokea ukibonyeza. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku tatu baadaye, tarehe 12, wapenzi wa redio ya ridhaa wa California walipata nafasi ya kupakia chombo chao kidogo katika roketi. Kiliitwa OSCAR 1, kilikuwa na uzito wa kama kilo 5, na kilizunguka dunia kikituma salamu ya herufi mbili tu, H na I. Waliokitengeneza walifanya kazi hiyo nyumbani, jioni, baada ya kazi zao. Elimu ya namna hiyo huanzia kwenye waya wa mita 5 na 5.

Gharama ipo, hatufichi. Mtambo mpya wa masafa mafupi ni ghali kuliko piki piki nyingi za mitumba, na kijana mmoja hawezi. Klabu inaweza. Shule inaweza kuwa na mtambo mmoja, wenye leseni mmoja na msimamizi mmoja anayejulikana. Na wakati fedha haijapatikana, redio ya kusikiliza yenye masafa mafupi na waya wa mita 10 juu ya minazi vinatosha kuanzia. Kijana asikilize jioni, aandike daftari, ajifunze alfabeti. Siku klabu itakapofika na mtambo wenye mdomo, atakuwa amekwisha jifunza nusu ya kazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Antena ya megahezi 21.2 itakuwa na urefu wa mita ngapi kwa jumla, na kila upande mita ngapi?

Mmezungumza na kituo cha Pemba saa sita mchana, na kituo cha Kenya saa tatu usiku. Mtaandika saa gani katika daftari?

Barabara ya kijiji chenu ikikatika na mnara wa simu ukizimika kwa siku mbili, nani atajua, na atajuaje? Nani hasa katika kijiji chenu angepewa kazi ya kupeleka habari, na leo hii angeipeleka kwa njia gani?